Kocha wa shule asiachwe aishi kwa miguu ya mwanafunzi

Kila mara mwana wetu anapovishwa nishani ng'ambo, sisi wakazi wa Eldoret humlaki kwa mursik na vigelegele, nao wanasiasa husongamana uwanjani wapigwe picha naye. Katika shamrashamra hizo husahaulika mtu mmoja: yule aliyemwona mtoto huyo akiwa kidato cha pili, akamfundisha kukimbia na kungoja. Nionavyo mimi, usahaulifu huo si utovu wa shukrani tu, bali ni mzizi wa maradhi yanayoitafuna riadha yetu.

Kutoka mtaa wa West Indies, ninakoandikia makala haya, hadi Iten ni takriban kilomita 35. Huko ndiko alikofika Bruda Colm O'Connell, mzaliwa wa Ireland, mwaka 1976, kufundisha jiografia katika shule ya upili ya St Patrick's. Hakuwa na mafunzo yoyote ya ukocha. Kazi hiyo aliirithi kwa Pete Foster, mwalimu Mwingereza. Mwaka huo huo Kenya ilisusia Olimpiki za Montreal.

Yaliyofuata yanajulikana. Peter Rono alitwaa dhahabu ya mita 1,500 mjini Seoul mwaka 1988. Matthew Birir akatwaa ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji, Barcelona, mwaka 1992. Wote wawili walipitia St Patrick's. Hata baada ya hapo bruda hakuondoka Iten. David Rudisha, aliyemlea tangu akiwa mwanafunzi, alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 mjini London mwaka 2012, akavunja rekodi yake mwenyewe ya dunia.

Rono alipokwenda Marekani alisomea chuo cha Mount St. Mary's, jimbo la Maryland. Chuo hicho kina funzo kwetu. Humo kocha wa mpira wa kikapu, Jim Phelan, alifanya kazi miaka 49, tangu 1954 hadi 2003, akashinda mechi 830. Hakuwa mhisani wala mfanyabiashara. Alikuwa mwajiriwa wa chuo, na wachezaji walipohitimu na kwenda zao, yeye alibaki na kazi yake.

Bruda na Phelan walifanana kwa jambo moja: hakuna aliyekula kwa jasho la mwanafunzi. Mmoja alitunzwa na shirika lake la Patrician, ambalo watu wake huweka nadhiri ya ufukara; wa pili alilipwa na chuo. Kwa sababu hiyo wangeweza kumwambia kijana, "Mwaka huu usishindane, maliza masomo kwanza," bila hofu ya kulala njaa.

Je, makocha wetu wengi wanaweza kusema hivyo? Mwalimu anayebaki uwanjani hadi jua linapotua hufanya hivyo kwa hisani yake. Nje ya shule, kocha hungoja fungu la tuzo. Asiposhinda mkimbiaji, kocha hana chake. Hapo ndipo shinikizo la kumkimbiza mtoto kabla ya wakati huzaliwa, na ndipo mlango wa dawa za kututumua misuli hufunguka. Aidha, Agnes Tirop alipouawa nyumbani kwake Iten Oktoba 2021, wanariadha wa kike walijitokeza kueleza jinsi wanaume wanaojiita wasimamizi wao wanavyoshika fedha na maisha yao.

Najua nitajibiwa kwamba serikali haina fedha. Lakini mwaka 2022, Kenya ilipokabiliwa na tishio la kufungiwa, serikali iliahidi dola milioni 5 kila mwaka kwa miaka 5 kupambana na dawa hizo. Siipingi ahadi hiyo. Nauliza tu: ikiwa tunazo fedha za kumsaka mkosaji akiwa na miaka 25, kwa nini tusiwe nazo za kumlipa anayemlea akiwa na miaka 15?

Sidai kwamba mshahara humgeuza kila mtu kuwa mwadilifu. Walakini mwenye ajira huwa na mkubwa wa kumwajibisha, na mwanafunzi hupata pa kupeleka malalamiko. Kwa hiyo Tume ya Huduma za Walimu iutambue ukocha kuwa kazi, yenye cheti, marupurupu na ngazi ya kupandishwa cheo. Nazo kaunti za Uasin Gishu na Elgeyo-Marakwet, zinazojivunia mabingwa hawa, zianze kwa kuajiri makocha wa kike katika shule za wasichana.

Bruda mmoja alikuja kwa bahati, akakaa kwa hiari. Taifa halijengwi kwa kungojea bahati ije mara ya pili. Mchagua jembe si mkulima, lakini mkulima asiyepewa jembe hata moja tumdai mavuno gani?