Maziwa ya Mwisho na Ugonjwa wa Kiwele

Ndugu mkulima, yako maneno mawili yasemwayo sana katika skimu zetu, na kwa maoni yangu yote mawili huwapotezea watu mali. Yuko aonaye maziwa yamekuwa mazito kidogo katika kisahani cha kupimia, mara akimbilia sindano. Na yuko asemaye, "Huyu amekamuliwa miezi tisa, maziwa yake ni ya mwisho, ndiyo desturi," kisha akaacha. Huyu wa pili ndiye ninayemhofia zaidi.

Yafaa tulijue jambo lenyewe. Maziwa ya kila ng'ombe yana chembechembe ndogo mno zitokazo mwilini mwake, na nyingi ni zile nyeupe za damu, askari wa mwili. Ng'ombe asiye na ugonjwa huwa na chini ya 200,000 katika mililita moja ya maziwa. Vijidudu vikiingia kiweleni, askari hao humiminika, hesabu ikaweza kupita milioni.

Lakini hesabu hufuata pia siku za kukamua. Ng'ombe akiisha kuzaa huwa juu, na baada ya wiki moja au mbili hushuka. Maziwa yakiwa tele huwa chini. Kuelekea mwisho maziwa hupungua, chembechembe hukusanyika katika maziwa machache, na hesabu hupanda tena kidogo. Hata nyati wa maziwa wafugwao India na Italia wana mwendo huo, ingawa chuchu zao hufunga kwa nguvu kuliko za ng'ombe wetu.

Basi utatambuaje? Tazama chuchu zote nne. Mwisho wa maziwa hauchagui chuchu, lakini ugonjwa mara nyingi huanza katika moja. Kisahani cha vikombe vinne, kilichobuniwa California mwaka 1957, kilifanywa kwa kazi hii hii. Kamua kidogo kila chuchu katika kikombe chake, tia dawa ya kupimia kiasi sawa na maziwa, zungusha polepole. Vyote vinne vikiwa sawa, na uzito ni mdogo tu, weka fedha yako. Kimoja kikiwa kama uji na vingine vikabaki maji, usisingizie miezi: chuchu ile ni gonjwa, hata kama maziwa yake ni meupe safi machoni. Na vyote vikiganda sana, hiyo pia si desturi. Mwite daktari wa mifugo, mkamue ng'ombe huyo baada ya wengine wote, na maziwa ya siku za dawa yasifike sosaiti.

Liko jambo moja zaidi. Wengi wetu hukamua mpaka karibu na siku ya kuzaa. Najua sababu: karo haingoji, na deni halingoji. Lakini kiwele kinahitaji kupumzika siku 60 hivi kabla ya ndama, na chuchu iliyo gonjwa hutibika vizuri zaidi wakati huo, kwa dawa ya kukaushia, kuliko wakati maziwa ni tele. Anayekausha bila kupima hufunga ugonjwa ndani.

Kwa hiyo naona kila sosaiti inunue visahani kabla ya kununua viti vya ofisi. Kimoja chaweza kutumiwa na majirani watano, mradi kioshwe vizuri kabla hakijatoka boma moja kwenda jingine.