Namba kubwa haiongeze karati

Sisi wachimbaji wa Kisangani tunajua: maneno ya muuzishaji hayaongeze uzito wa almasi. Kwa disiki za wazee wetu ni vile vile. Kuna ampli ambazo, ukiunganisha turnedisiki, zinauliza: sauti ipimwe mara ngapi kwa segonde? Muuzishaji atakusukuma kwa 192 000. Sisi tunasema 44 100 inatosha, njo kipimo cha CD: sikio la mtu halipite mitikisiko 20 000 hivi, na kipimo kinaomba kupita mara mbili kidogo tu. Dakika moja kwa bit 16 ni mega 10. 192 000 kwa bit 24 inakaribia mega 70. Ndugu, makuta yetu yaende kwa sindano mupya. Sindano mubovu inakwangula disiki, na ile sauti hairudi tena.