Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Tuelezeni tunachougua

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Mji wa Serikali, Mtumba,
Dodoma.

Yah: Haki ya mgonjwa wa mishipa ya moyo kuelezwa ugonjwa wake

Mimi ni mstaafu wa utumishi wa umma, mkazi wa jiji hili, na mgonjwa wa mishipa ya moyo. Nikuondoe wasiwasi mapema: siombi jengo wala mtambo wa kuzibua mishipa. Miaka ya nyuma mgonjwa wa aina yangu alisubiri rufaa ya India, na wengi rufaa iliwakuta wameshazikwa. Mwaka 2015 Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ilianzishwa Dar es Salaam, na leo Hospitali ya Benjamin Mkapa, hapa hapa Dodoma, inazibua mishipa ya moyo. Anayeukumbuka mji huu ulivyokuwa atakubali kwamba hiyo si kazi ndogo.

Ninachoomba kwanza ni maneno, Mheshimiwa. Siku niliporuhusiwa kutoka wodini, katika hospitali ambayo sitaitaja, nilikabidhiwa mfuko wa dawa na tarehe ya kurudi kliniki. Daktari kijana, tena mwenye adabu zake, akaniambia: “Mzee, bomba lilikuwa limeziba, tumelizibua.” Basi. Wenzangu wa kwenye benchi la kliniki nao wameambiwa habari za bomba. Mfano huo unaingia akilini haraka mno, na hapo ndipo unapotuponza. Bomba likishazibuliwa, fundi analipwa na kazi imekwisha. Mgonjwa aliyeelewa hivyo atameza dawa mwezi mmoja, miwili, ataona anapanda ngazi bila kuhema, kisha ataacha. Nani anaendelea kumlipa fundi wa bomba lililopona?

Imenibidi niulize huku na huko, na kusoma, ndipo nikapata picha kamili. Mishipa inayolisha msuli wa moyo inaugua kwenye kuta zake. Lehemu inajipenyeza ndani ya ukuta, mwili unapambana nayo, na kwa miaka mingi unajengeka uvimbe wenye mafuta ndani na ngozi juu. Presha, sukari na sigara huharakisha mambo. Uvimbe ukiubana mshipa, mtu hupata maumivu au kubanwa kifua anapopanda mlima au kubeba ndoo, na akipumzika dakika chache yanatulia. Hiyo ndiyo hali ya wengi wetu, na tunaweza kuishi nayo miaka.

Mshtuko wa moyo ni jambo jingine. Ngozi ya uvimbe inapasuka, damu inaganda juu yake, na mshipa unafungwa ghafla. Kilichonishangaza ni kwamba uvimbe unaopasuka mara nyingi si ule mkubwa. Unaweza kuwa mdogo ambao haukuwahi kumuuma mtu hata siku moja. Kwa hiyo kile kijiwavu cha chuma nilichowekewa, wanachokiita stenti, kimetibu sehemu moja tu. Kuta nyingine zote bado zina ugonjwa. Vidonge vya kushusha lehemu vinaipa nguvu ngozi ya uvimbe huo, aspirini inazuia damu isigande, na kile kingine cha kuzuia damu kuganda, klopidogreli, kwa kawaida humezwa pamoja nayo kwa miezi kadhaa, mara nyingi hadi mwaka. Kukiacha mapema bila kumuuliza daktari ni hatari, kwa sababu damu inaweza kuganda ndani ya stenti yenyewe.

Maelezo haya hayafiki dakika kumi. Hakuna aliyenipa. Simlaumu daktari kijana, maana nimeuona msururu wa wagonjwa uliokuwa nje ya mlango wake. Ninailaumu desturi ya kuhesabu kazi ya hospitali kwa mishipa iliyozibuliwa bila kuhesabu wagonjwa walioondoka wakiwa wameelewa.

Na ushauri wa chakula, Mheshimiwa! Nimewahi kupewa karatasi inayonikataza vyakula ambavyo sijawahi kuviona, na kunielekeza kwenye mafuta ya zeituni. Dodoma na Singida tunakamua alizeti, mafuta ambayo kwa moyo ni salama kuliko samli na mafuta ya kuganda. Ugali wa mtama na uwele tumekula tangu enzi za mababu. Hakuna aliyeniambia kama niendelee. Mlenda tunaupika kwa magadi, na magadi yana sodiamu kama ilivyo chumvi ya mezani, jambo ambalo mwenye presha anapaswa kulijua. Karatasi ile ilikuwa kimya. Aliyeiandika hajakaa jikoni kwa Mgogo.

Lakini kuelewa kunakohitajika zaidi ni kwa yule ambaye bado hajawa mgonjwa wa kliniki. Huku kwetu kifua kikibana, jina la kwanza ni vidonda vya tumbo. La pili ni gesi, la tatu ni kichomi. Mtu ananunua dawa ya tumbo duka la dawa, analala, na alfajiri watu wanaambiwa ameanguka ghafla. Mara nyingine hayo ni majibu ya watumishi wa afya wenyewe. Utafiti uliofanyika katika idara ya dharura ya hospitali ya rufaa mjini Moshi, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2020, uliwapima watu waliofika wakiwa na maumivu ya kifua au kuhema. Takriban mmoja kati ya watano alikuwa na mshtuko wa moyo. Wengi wao hawakutambuliwa kuwa nao, na zaidi ya theluthi moja walikuwa wamefariki ndani ya siku 30. Ikiwa hali ni hiyo katika hospitali kubwa ya Kaskazini, mtu wa Kibakwe au Chemba atarajie nini?

Ugonjwa huu unakwenda kwa saa. Mshipa uliofungwa unaua msuli wa moyo dakika kwa dakika. Madaktari wanataka kipimo cha umeme wa moyo kifanyike ndani ya dakika kumi tangu mgonjwa afike, na mshipa uzibuliwe ndani ya saa mbili. Ikionekana hazitatosha, ipo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, yenye faida kubwa katika saa za mwanzo na isiyo na maana kubwa baada ya saa 12. Mpwapwa hadi mjini ni zaidi ya kilometa 100. Mtambo wa jijini hauwezi kumsaidia mtu ambaye kule alikoanza kuumwa hakuna aliyejua anaumwa nini.

Njia ya kumfikisha mgonjwa huyo jijini tunao mfano wake, na ni wa nyumbani. Mfumo wa m-mama ulianzia Kanda ya Ziwa na mwaka 2022 ukazinduliwa kitaifa. Kwa mama mjamzito mwenye dharura, simu inapigwa namba 115 bila malipo. Kama gari la wagonjwa liko mbali, anafuatwa na dereva wa jamii ambaye mfumo unamlipa. Nakuomba uufungue mlango huo kwa mwenye kifua kinachobana, tukianza na wilaya za mkoa huu. Kila kituo cha afya kiwe na mashine ya umeme wa moyo na mtu anayeruhusiwa kutuma picha ya kipimo kwa daktari bingwa jijini kwa simu. Mgonjwa asiye na mzio wa aspirini wala tatizo la kutokwa damu apewe aspirini aitafune hapo hapo wakati gari linatafutwa. Kidonge hicho ni cha bei ya chini kuliko soda.

Kisha, Mheshimiwa, elekeza kwamba mgonjwa wa mishipa ya moyo asiruhusiwe kwenda nyumbani hadi muuguzi amkalishe na ndugu yake mmoja, awaeleze, na awaombe warudie kwa maneno yao walichoelewa. Wapewe karatasi ya Kiswahili yenye chakula cha kwao. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge hapa Dodoma mwaka 2023. Basi mazungumzo hayo yawekwe wazi kuwa sehemu ya matibabu na hospitali ilipwe kwa kuyafanya, kama inavyolipwa kwa kipimo. Hospitali haitaacha kufanya jambo inalolipwa.

Ofisi yako iko Mtumba, nami niko Nkuhungu. Ukitenga asubuhi moja kuketi nasi kwenye benchi la kliniki, waulize wagonjwa swali moja tu: unaumwa nini? Majibu utakayopata yatakutosha kuanza kazi.

Wako mtiifu,
Mgonjwa na mstaafu,
Nkuhungu, Dodoma.