Tusilitafute zimwi kwa jirani

Hadithi za kutisha zina maadui wengi miongoni mwa walimu na wazazi. Husemwa kwamba zinamharibia mtoto usingizi na kumjaza akilini mambo ya upuuzi. Garissa na Kaskazini Mashariki kwa jumla, hoja hiyo ina uzito zaidi, kwani wako vijana huko walioona kwa macho yao mambo ya kutisha kuliko yale yanayobuniwa na watunzi. Hata hivyo, nashikilia kwamba hadithi hizo zastahili kufundishwa, na huko kuliko kwingineko.

Nitaanza na mfano wa mbali. The Twilight Zone ni mfululizo wa televisheni uliotangazwa Marekani kuanzia mwaka 1959 hadi 1964, vipindi 156, kila kimoja na hadithi yake na wahusika wake. Mwanzilishi wake, Rod Serling, alikuwa amepigana katika Vita vya Pili vya Dunia. Kabla ya hapo alikuwa ameandika mchezo uliotokana na kuuawa kwa Emmett Till, kijana mweusi wa miaka 14, huko Mississippi mwaka 1955. Wenye kudhamini vipindi waliogopa, na mchezo ukabadilishwa hata ukapoteza maana. Ndipo Serling alipogeukia mambo ya ajabu na ya kuogofya, akayasema humo yaliyokatazwa kusemwa waziwazi.

Nimekirudia kipindi kimoja cha Machi 1960. Umeme wazimika ghafla katika mtaa mtulivu. Mtoto aliyesoma hadithi za wavamizi kutoka sayari nyingine asema kwamba wavamizi hao hutanguliza watu wao, wenye sura kama zetu. Majirani waanza kutazamana kwa jicho baya. Mmoja gari lake lawaka lenyewe. Basi akawa mshukiwa. Kivuli chatokea gizani, bunduki yalia, na aliyeanguka ni jirani yao aliyekuwa amekwenda mtaa wa pili kuuliza habari. Kilimani, wavamizi wa kweli watazama tu. Wao walizima na kuwasha umeme. Kazi iliyobaki wameifanya wenyeji.

Mwanafunzi wa Garissa hatahitaji kuelezwa sana. Bibi zake wamemsimulia habari za Dhegdheer, mwanamke mla watu mwenye sikio refu, na za Qori-ismaris, mtu ajipaguzaye kijiti magharibi akageuka fisi, kisha kukicha akarudi kuwa mtu. Hadithi hiyo ya pili ndiyo hasa ya Serling: yawezekana adui ana sura ya jirani. Nasi Waswahili twasema kikulacho ki nguoni mwako. Hekima hiyo ni njema, lakini mikononi mwa mwenye hofu yageuka silaha.

Historia ya eneo hilo yathibitisha. Februari 1984, huko Wagalla, Wajir, wanaume wa ukoo mmoja walikusanywa na vyombo vya usalama katika uwanja wa ndege, na wengi wakauawa. Mwaka 1989 serikali iliwataka Wakenya wa asili ya Kisomali wakaguliwe na kupewa kadi ya pekee, jambo ambalo jamii nyingine hazikutakiwa. Raia alitendewa kana kwamba yeye ndiye Qori-ismaris.

Kisha, tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Wauaji waliwatenga mateka kwa dini. Mwenye kutenga kabla ya kuua hataki maiti pekee. Ataka walio hai waogopane.

Desemba mwaka huo huo jibu lilitolewa. Basi lililokuwa likielekea Mandera lilisimamishwa karibu na El Wak, na abiria Waislamu wakaamriwa wajitenge na Wakristo. Walikataa. Mmoja wao, Salah Farah, naibu wa mwalimu mkuu, alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Kisa hicho kilizaa filamu fupi, Watu Wote, ya mwaka 2017.

Sitaki nieleweke vibaya. Hofu ya mwalimu atokaye mbali si njozi. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, katika Kaunti ya Garissa, na wengi wakahamishwa kutoka eneo hilo. Aliyeondoka kuokoa roho yake si mwoga, na wajibu wa kumlinda ni wa serikali. Lakini kila darasa lililobaki bila mwalimu ni ushindi wa wale walio kilimani.

Kwa hivyo nawaomba walimu waziweke hadithi hizi pamoja, ya Qori-ismaris, ya mtaa ule wa Marekani na ya basi la Mandera, kisha wawaulize wanafunzi: Ni nani aliyezima taa? Ni nani aliyefaidika majirani walipogeukiana? Ni nani aliyekataa kugeuka fisi? Kijana aliyezoea kuuliza hivyo darasani hatakuwa mwepesi wa kuokota jiwe mtaani. Zimwi lipo, wala tusiwadanganye watoto kwamba halipo. La muhimu ni wafundishwe kulitambua kabla hawajamnyoshea kidole jirani.