Mnyonge Asitibiwe kwa Kukisia

Mwaka 2009, hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania zilianza kuuliza swali ambalo madaktari wengi waliona limekwisha kujibiwa: mtoto mwenye homa kali, ambaye damu haimzunguki vizuri mwilini, aongezewe maji ya mshipani kwa kasi au la? Miongozo ya tiba katika nchi tajiri ilisema aongezewe, tena haraka. Watafiti wa jaribio hilo, lililoitwa FEAST, wakiongozwa na Kathryn Maitland, aliyefanya kazi Kilifi kwa miaka mingi, walitaka kujua kama tiba hiyo inawafaa watoto wa Kilifi, Muheza, Soroti na Mbale, katika wodi zisizo na mashine za kupumulia.

Januari 2011 utafiti ulisimamishwa kwa ushauri wa kamati huru iliyokuwa ikifuatilia usalama wa watoto. Waliokwisha kuandikishwa walikuwa 3,141. Kati ya kila watoto 100 waliopewa maji kwa kasi, 10 au 11 walifariki ndani ya saa 48. Kwa wale ambao hawakupewa, walifariki 7. Tiba iliyotolewa ili kuokoa ilikuwa inaongeza vifo.

Tofauti ya watoto watatu katika mia ni misiba mingi, lakini hakuna daktari ambaye angeiona akiwa peke yake wodini. Mtoto aliyeletwa mahututi akifariki, wote husema ugonjwa umemshinda. Nia njema ya aliyefungua dripu haiwezi kuligundua kosa hilo, wala uzoefu wake wa miaka ishirini. Huonekana tu pale wagonjwa wengi wanapogawanywa kwa kura na kulinganishwa kwa uaminifu.

Ndiyo maana jarida hili linapinga mazoea ya kuwaweka wanyonge nje ya utafiti kwa jina la kuwalinda. Mjamzito, mtoto mchanga, mzee mwenye maradhi matatu: wote hawa hupewa dawa kila siku, na mara nyingi dawa hizo zilipimwa kwa watu wasiofanana nao. Tunapowakatalia utafiti unaosimamiwa, tunawaacha kwenye majaribio yasiyo na msimamizi, yasiyo na daftari. Hata FEAST haikuwachukua watoto wenye utapiamlo mkali. Jibu lake haliwezi kuhamishiwa kwao kwa kukisia.

Utafiti unaowahusisha wanyonge lazima uwe na masharti. Kamati ya usalama iwe huru na iwe na uwezo wa kuusimamisha. Ridhaa izingatie hali ya mzazi: katika FEAST, pale mtoto alipokuwa hatarini, mzazi alielezwa kwa ufupi na kuombwa kauli yake kwanza, maelezo kamili yakafuata baadaye. Na matokeo yarudi wodini upesi. Shirika la Afya Duniani lilirekebisha mwongozo wake kuhusu maji ya mshipani mwaka 2016, miaka mitano baada ya majibu kuchapishwa. Hiyo ni miaka mingi mno.

Makala za toleo hili zinafuata njia hiyo, kuanzia swali hadi kitandani kwa mgonjwa. Tunaziomba wizara za afya za kanda yetu zitenge fedha zao wenyewe kwa tafiti za namna hii, na kila hospitali inayowatoa wagonjwa wake kwa utafiti idai kuwa ya kwanza kupewa majibu.

Mhariri