Majina ya Mitaa Yetu ni Kitabu Tusichokisoma

Asubuhi moja nilikuwa ndani ya matatu nikitoka Kangemi kwenda mjini. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na, kama ilivyo desturi ya barabara ile, magari yalisongamana yasiende mbele wala nyuma. Kando yangu aliketi msichana aliyevaa sare ya shule. Alipoona rundo la madaftari nililolipakata, alitambua mara moja kazi yangu.

"Mwalimu," aliniuliza kwa adabu, "huyu Waiyaki aliyepewa barabara hii alikuwa nani?"

Nikamjibu upesi kwamba alikuwa shujaa.

"Alifanya nini?"

Nilikohoa. Nikatazama nje ya dirisha kana kwamba jibu lilikuwa limeandikwa kwenye ukuta wa duka. Nimefundisha somo la historia kwa miaka mingi. Naweza kueleza bila ya kufungua kitabu kilichojadiliwa mjini Berlin mwaka 1884 na 1885, na jinsi Bismarck alivyoiunganisha Ujerumani. Lakini mtoto huyu aliniuliza juu ya njia niliyoipita kila siku ya Mungu, nami sikuwa na jibu la kumtosheleza. Alishuka Westlands, akaniaga, akaenda zake. Makala haya ni jibu langu kwake, japo limechelewa.

Waiyaki wa Hinga alikuwa kiongozi wa Wagikuyu katika eneo la Dagoretti na Kabete, yaani huko huko inakoelekea barabara inayobeba jina lake. Mwezi wa Oktoba mwaka 1890, Kapteni Frederick Lugard wa kampuni ya Waingereza alifika Dagoretti akajenga ngome, na wawili hao wakala kiapo cha urafiki. Lugard alipokwisha kwenda zake Uganda, watu wa kampuni walivunja ahadi. Walipora vyakula na kuwadhulumu wenyeji, na ngome ile ikateketezwa. Mwaka 1891 kampuni ilijenga ngome nyingine pale Kabete, iliyoitwa Fort Smith. Mwaka uliofuata Waiyaki alikamatwa, akapelekwa pwani kwa miguu akiwa mfungwa, lakini hakufika. Alifia njiani, Kibwezi, mwaka huo huo wa 1892. Mapokeo ya Wagikuyu yanashikilia kwamba alizikwa angali hai.

Basi tazama, msomaji, jinsi jina moja lilivyobeba mambo. Waiyaki alifariki miaka 7 kabla ya reli kufika Nairobi mwaka 1899, wakati mahali hapa palipokuwa bado malisho na kinamasi ambacho Wamaasai walikiita kwa maji yake baridi. Mji ulikuwa haujazaliwa, lakini ugomvi wa ardhi yake ulikuwa umekwisha kuanza.

Tangu siku ile nimekuwa nikitembea mjini kama mwanafunzi. Nimegundua kwamba ramani ya Nairobi ni kitabu cha historia ambacho kurasa zake zimechanwa na kutawanywa. Ukiziokota na kuzipanga, zinasomeka.

Chukua Kariokor. Wengi hulijua soko hilo kwa vyondo, viatu vya ngozi na nyama choma. Ni wachache wanaojua kwamba jina lenyewe ni la kikosi cha jeshi. Katika Vita Vikuu vya kwanza, 1914 hadi 1918, Waingereza na Wajerumani walipigana katika Afrika ya Mashariki mahali ambapo hapakuwa na barabara, na ambapo farasi na ng'ombe waliuawa na mbung'o. Chakula, risasi na mizinga vilibebwa na binadamu. Wapagazi hao waliandikishwa, wengi wao kwa nguvu, katika kikosi kilichoitwa Carrier Corps. Ulimi wa Mswahili ukalipokea jina hilo la Kiingereza na kulitengeneza upya. Nairobi likawa Kariokor. Dar es Salaam, baada ya Waingereza kuuteka mji huo mwaka 1916, likawa Kariakoo. Masoko mawili mashuhuri, katika nchi mbili, yamezaliwa na neno moja la vita.

Wapagazi hao hawakufa kwa risasi, wengi wao. Waliuawa na kuhara damu, malaria, njaa na uchovu. Mishahara ya wengi waliokufa haikufika kwa jamaa zao. Katika barabara ya Kenyatta zimesimama sanamu tatu za shaba zilizozinduliwa mwaka 1928 kwa kumbukumbu ya vita hivyo, na mpagazi yumo. Maandishi ya pale, kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, yanawasifu wapagazi kuwa walikuwa miguu na mikono ya jeshi, na kuahidi kwamba majina ya waliokufa yatakumbukwa na wana wao. Soma maandishi hayo yote, uzunguke sanamu zote, hutaona jina la mpagazi hata mmoja. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wakiwa Waafrika, hawakukumbukwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Jina pekee walilobakiziwa ni la kikosi, nalo tunalitamka tukinunua chondo.

Sasa geuka uelekee magharibi, kusini ya barabara ya Ngong. Huko iko Kibera. Wanubi, wazawa wa askari wa Kisudani waliotumikia jeshi la King's African Rifles, waligawiwa msitu ule mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1918 ukatangazwa rasmi kuwa ardhi ya jeshi. Katika lugha yao ya Kinubi waliuita Kibra, maana yake msitu. Walipewa mahali pa kuishi, lakini hawakupewa hati. Ilichukua hadi mwaka 2017 ndipo jamii hiyo ilipokabidhiwa hati ya ekari 288. Jimbo la uchaguzi lililoundwa kwa uchaguzi wa mwaka 2013 liliitwa Kibra, na wako walimu niliowasikia wakisahihisha wanafunzi kwamba hilo ni kosa la tahajia. La hasha! Hilo ndilo jina lenyewe. Kosa ni letu tusiojua. Hivyo basi askari ana Kibra na mpagazi ana Kariokor, kila mmoja upande wake wa mji, na sanamu zao zimesimama katikati.

Waliosalimika vitani walirudi wakakutana na kipande. Kila mwanamume wa Kiafrika alilazimishwa kuvaa shingoni cheti kilichotiwa ndani ya kijaluba cha bati, chenye alama za vidole vyake na jina la mwajiri wake. Hapa ndipo unapofunguka ukurasa mwingine, ule wa barabara ya Harry Thuku, inayopita baina ya Chuo Kikuu cha Nairobi na Hoteli ya Norfolk. Thuku alikuwa karani wa simu serikalini. Mwaka 1921 alianza kupinga kipande, kodi na kazi za kulazimishwa wanawake na wasichana. Tarehe 14 Machi 1922 alitiwa mbaroni. Siku mbili baadaye umati wa watu ulikusanyika mbele ya kituo cha polisi ukidai aachiliwe. Wazee walipotoka kuzungumza na wakubwa na kuwataka watu watawanyike, mwanamke mmoja aitwaye Muthoni Nyanjiru aliinua rinda lake mbele ya hadhara akawaambia wanaume walivae, nao wampe suruali zao. Katika mila ya Wagikuyu hakuna tusi wala laana inayopita hiyo. Umati ukasonga mbele, bunduki zikalia, na Nyanjiru akawa miongoni mwa wa kwanza kuanguka. Taarifa ya serikali ilitaja watu 21 waliouawa. Walioshuhudia walitaja idadi kubwa zaidi. Thuku alihamishiwa Kismayu akakaa uhamishoni zaidi ya miaka 8. Maelfu ya wanafunzi wa Chuo Kikuu hupita njia ile kila siku. Kibao kinamtaja Thuku. Nyanjiru hatajwi.

Shuka kidogo hadi kwenye barabara ya Muindi Mbingu, ufike Soko la Jiji. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliwanyang'anya Wakamba ng'ombe wao kwa kisingizio kwamba mifugo imezidi na inaharibu udongo. Ng'ombe hao waliuzwa kwa bei ya kutupa, na kiwanda cha nyama cha Athi River kilikuwa tayari kikiwangoja. Muindi Mbingu aliongoza maelfu ya wanaume, wanawake na watoto kutoka Ukambani hadi Nairobi kwa miguu, wakataka kumwona Gavana, wakakaa mjini kwa majuma kadhaa. Mbingu alikamatwa akapelekwa uhamishoni Lamu, lakini serikali ililazimika kuacha mpango wake. Leo mtu aliyetetea ng'ombe wasichinjwe amepewa barabara yenye bucha mashuhuri kuliko zote mjini! Sidhani kama aliyeitoa heshima hiyo alikusudia kejeli. Nadhani hakujua tu.

Majina mengine yana ujanja wao. Mwanafunzi wa sayansi anayesoma Chiromo huenda akadhani hilo ni neno la Kigikuyu au la Kimaasai. Chiromo ni mahali nchini Malawi, kando ya mto Shire. Aliyelileta jina hilo hapa ni Ewart Grogan, Mwingereza aliyesafiri kutoka Cape hadi Cairo mwishoni mwa karne ya 19, kisha akajenga nyumba Nairobi akaiita Chiromo. Ndiye yule aliyewachapa viboko Waafrika watatu hadharani mbele ya mahakama mwaka 1907. Baada ya Uhuru barabara iliyoitwa kwa jina lake ilibadilishwa ikawa Kirinyaga. Tulimfuta Grogan kwenye kibao, lakini neno alilolichagua tunalitaja kila siku tukidhani ni letu.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo madogo. Mtihani hauulizi Muthoni Nyanjiru alisema nini, na majina hayajazi tumbo. Hoja hiyo naijua kwa kuwa mimi mwenyewe nimeitumia, hasa muhula wa tatu unapokaribia. Lakini mtoto anayefundishwa kwamba historia ni jambo lililotokea mbali, likafanywa na watu wageni, hujifunza pia kwamba mahali anapoishi hapakutokea jambo. Hilo halimo katika silabasi, ila tunalifundisha kila siku kwa kunyamaza kwetu. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa mwaka 2019, unatutaka tumfundishe mtoto kwa kuanzia na mazingira yake. Je, kuna mazingira yaliyo karibu zaidi kuliko jina la kituo anachoshukia?

Wapo pia watakaosema kwamba dawa ni kubadilisha majina yote ya kikoloni. Sina ugomvi nao. Nilifurahi kujua kwamba barabara ya Delamere iliitwa Kenyatta na ile ya Grogan ikaitwa Kirinyaga. Ila nimejifunza kwamba kubadilisha jina si sawa na kulieleza. Waiyaki, Thuku na Mbingu wamepewa vibao, kisha wakaachwa hapo wasimuliwe. Jina la shujaa asiyejulikana alitenda nini halitofautiani sana na jina la mgeni.

Ninapendekeza mambo mawili yasiyohitaji fedha nyingi. Kwanza, serikali ya kaunti iongeze chini ya vibao vya barabara hizo maelezo mafupi, kwa Kiswahili chepesi, ya sentensi mbili au tatu: nani, lini, alitenda nini. Na katika barabara ya Harry Thuku, jina la Muthoni Nyanjiru liandikwe.

La pili linatuhusu sisi walimu, wala halingoji kibali cha mtu. Jumamosi moja kwa muhula, wachukue wanafunzi wako mwende kwa miguu kutoka kwenye sanamu za barabara ya Kenyatta hadi Soko la Jiji, na kutoka hapo hadi barabara ya Harry Thuku. Si mwendo mrefu. Kisha kila mtoto akamuulize mzee mmoja wa mtaani kwake, awe wa Kawangware, Kangemi, Kibera au Uthiru, jina la mahali pale lilitoka wapi, na aliandike jibu kwa Kiswahili. Majibu mengine yatapingana. Hilo si baya. Kuyapima majibu yanayopingana ndiyo kazi yenyewe ya mwanahistoria. Lakini wazee hao hawatungoji milele.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Msichana yule wa matatu aliuliza. Ujinga ulikuwa wangu mimi niliyeulizwa. Sijamwona tena. Lakini tangu asubuhi ile, kila ninapopanda gari kutoka Kangemi huketi nikiwa na jibu langu tayari, endapo mtoto mwingine atatazama kibao na kuuliza.