Mshikamano haumfutii mhariri wajibu

Pale njia panda ya Kisian barabara moja huelekea Bondo, kwa Jaramogi Oginga Odinga, na nyingine hupanda Maseno hadi Busia, mpakani na Uganda. Watu wa ufuko huu wa Ziwa Victoria hawajawahi kuyaona mambo ya jirani kuwa ya mbali, na magazeti yetu ya mrengo wa kushoto yalizaliwa na moyo huo. Achieng Oneko wa Uyoma alianzisha gazeti la Ramogi. Pio Gama Pinto, mwanahabari mjamaa, naye akajenga kampuni ya Pan African Press, iliyotoa Sauti ya Mwafrika, Pan Africa na Nyanza Times.

Kwa Pinto, uhuru wa Kenya haukuwa mwisho wa kazi. Msumbiji ilikuwa bado chini ya Wareno, na yeye alisimama na FRELIMO, chama kilichoundwa Dar es Salaam Juni 1962 na kuanza vita Septemba 1964. Tarehe 24 Februari 1965 aliuawa kwa risasi Nairobi. Upande aliouchagua ulikuwa wa haki, na tunausifu bila kusita.

Ila kuchagua upande hakumpi mhariri ruhusa ya kufumba macho. Mwaka 1975, kambini Nachingwea, kusini mwa Tanzania, Uria Simango, aliyewahi kuwa makamu wa rais wa FRELIMO, alilazimishwa kusoma hadharani ungamo la usaliti. Baadaye aliuawa bila kufikishwa mahakamani. Ndivyo walivyouawa pia wapinzani wengine wa chama hicho, Lázaro Kavandame na Joana Simeão. Gazeti lililoshangilia uhuru wa Msumbiji Juni mwaka huo lilikuwa na deni la kuuliza watu hao wako wapi. Tunajua Ureno ilikuwa adui katili, na Eduardo Mondlane, rais wa FRELIMO, aliuawa kwa bomu Dar es Salaam Februari 1969. Njia za wapiganaji na maficho ya silaha vilistahili kufichwa. Watu waliouawa na wenzao, baada ya vita kwisha, hawakuwa siri ya kijeshi.

Wapo waliotimiza wajibu. Frene Ginwala, mkimbizi wa ANC ya Afrika Kusini aliyekabidhiwa The Standard ya Dar es Salaam ilipotaifishwa mwaka 1970, alikuwa mjamaa asiyeficha. Mwaka 1971 gazeti lake lilimlaani Nimeiri wa Sudan kwa kuwanyonga wakomunisti, na Ginwala akapoteza kazi. Huyo ndiye mhariri wa kushoto tunayemtambua.

Deni hilo la kuuliza sasa liko mlangoni kwetu. Tarehe 15 Desemba 2023 mwanasiasa wa Kongo Corneille Nangaa alitangaza Muungano wa Mto Kongo hapa hapa Kenya, jijini Nairobi. Januari 2025 waasi wa M23, walio ndani ya muungano huo, waliuteka mji wa Goma, mashariki mwa Kongo. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameeleza mkono wa Rwanda, na Kigali imekana. Mwandishi anayewaita M23 wakombozi kwa kuwa wanaitukana Kinshasa, asiulize nani analipia risasi na wakimbizi wa kambi ya Kanyaruchinya walifukuzwa na nani, amejigeuza karani wa jeshi. Anayenakili matamko ya Kinshasa yuko hapo hapo.

Kwa hiyo tunawataka wahariri wa kanda hii: taarifa ya kundi lenye silaha ichapwe ikiwa na jina la kundi hilo, idadi ya waliokufa itajwe na aliyeihesabu, na mkimbizi wa Goma apewe nafasi ukurasa wa kwanza, kabla ya msemaji yeyote.